Sura ya Mama Uji Kwenye Shuka Jeupe

Mwaka wa 1975, kwenye kambi ya mgodi mdogo wa almasi wa Igalamya, upande wa Kishapu, kulikuwa na mwanamke aliyeuza uji langoni. Ulikuwa uji wa mtama uliotiwa ukwaju, mwepesi, wa kunywa umesimama. Wa zamu ya asubuhi walikunywa kabla ya kuingia, wa zamu ya usiku walikunywa wakitoka. Hakuna aliyejua jina lake. Alifika wakati serikali inawahamishia watu kwenye vijiji vipya, malori yakipita yamebeba milango, mitungi na kuku, na siku hizo mgeni hakuulizwa ametoka wapi. Watu wakamwita Mama Uji, naye akaitika.

Jina lake lilikuwa Mektilda. Alitoka kijiji kimoja karibu na Kharumwa, mbali kabisa na Igalamya, na aliondoka huko akiwa na kidonda kibichi mkononi.

Mume wake, Masele, alikufa kwa ugonjwa wa tumbo. Haukupita muda mrefu, mtoto wa Bujiku, mdogo wake Masele, akafa naye kwa homa. Bujiku alikwenda kupiga ramli. Mganga alimwambia kuwa mkosaji yumo humo humo nyumbani kwao, ni mwanamke, na macho yake ni mekundu. Mektilda macho yake yalikuwa mekundu. Alipikia kwa kinyesi kikavu cha ng'ombe miaka thelathini, kama wanawake wengine wa nchi ile isiyo na kuni, na moshi ulikuwa umemla macho. Jioni moja akiwa anasonga ugali, watu wawili waliingia jikoni bila kubisha hodi. Panga la kwanza alilikinga kwa mkono. La pili lilipiga nguzo. Alipita katikati yao, akajitupa kwenye zizi, akalala chini ya ng'ombe huku anawasikia wakimtafuta, na mmoja wa wale waliokuwa wakimtafuta alikuwa na sauti aliyoijua vizuri.

Pale Igalamya aliwaambia watu kuwa mkono uliumizwa na mashine ya kusaga. Walimwamini. Alijenga kibanda karibu na Euphrasia, mama mmoja aliyefua nguo za wafanyakazi, wakawa wanachota maji pamoja na kukopeshana chumvi. Usingizi ulianza kumrudia.

Kisha almasi zikaibiwa.

Zilipotea ndani, kwenye nyumba ya kuchambulia mawe. Mkuu wa ulinzi, Bwana Pantaleo, aliyewahi kuwa askari polisi, alikuwa ameletewa kamera ya sinema na wenye mgodi, akaiweka kwenye kibanda cha langoni ili iwapige picha watu wanaotoka. Wengi hawakujua hata kama ipo. Baada ya wizi aliitazama ile filamu mara nyingi pamoja na Kamili, kijana fundi aliyeiendesha, wakawaona watu wengi, ila hawakumwona mwizi. Wengine ndani ya picha hawakuwajua hata kwa sura. Ndipo Bwana Pantaleo akapata wazo. Mgodi ulikuwa na gari la sinema, Landrover yenye kipaza sauti, ambalo lilizunguka minadani kuwafurahisha watu. Kwa nini wasiwaonyeshe watu picha hiyo, wawataje wenyewe wale wanaowafahamu?

Siku ya mnada wa Kishapu, jua lilipozama tu, shuka jeupe lilitundikwa kati ya miti miwili ya mkwaju. Mektilda alikuwapo na Euphrasia. Walikuwa wamekwenda kununua mtama, wakabaki kwa ajili ya sinema kama kila mtu. Wachungaji walikaa chini na fimbo zao, wanawake wakakaa na watoto mgongoni, wafanyabiashara wa ng'ombe wakasimama nyuma. Euphrasia alikuwa anakula karanga na kucheka kabla hata hakijaonyeshwa kitu.

"Ndugu wananchi," sauti ya Kamili ilisema kwenye kipaza sauti, "kabla ya sinema yenu, tazameni kwanza watu hawa. Mgodi umeibiwa. Hawa walitoka langoni siku ile. Anayemfahamu yeyote, afike ofisi ya ulinzi, ataje jina lake na kwao."

Shukani wakatokea watu wanatembea. Mwanamume mwenye baiskeli. Wawili waliovaa kofia za mgodi, watu wakawashangilia na kuwaita kwa majina. Halafu akatokea mwanamke amebeba ndoo.

Mektilda hakujitambua mara moja. Aliona kwanza ule mkono, ulivyopinda kwenye kiwiko. Kila asubuhi alipeleka uji ndani, kwenye kibanda cha walinzi, na hapo alikuwa anarudi na ndoo tupu. Yule mwanamke wa shukani alisimama, mlinzi akachungulia ndoo, na yeye akainua uso kutazama juu, huenda alikuwa anatazama jua. Uso ukajaa shuka zima. Ulikuwa mkubwa kuliko mlango wa nyumba. Kila kunyanzi lilionekana, na macho yalionekana.

"Mama Uji!" Euphrasia akapiga kelele kwa furaha. "Wee! Ni wewe! Tazameni, ni huyu hapa!"

Watu wa karibu wakageuka. Mektilda alijifunika kanga hadi kwenye pua.

"Nyamaza, Euphrasia. Nakuomba, nyamaza."

"Unaona haya? Umetoka vizuri kabisa!"

Na Kamili, ili watu wapate kutambua vizuri, akairudisha filamu nyuma na kuionyesha tena. Yule mwanamke akasimama tena, akainua uso tena. Mektilda aliwaza juu ya wafanyabiashara wa ng'ombe waliosimama nyuma yake gizani. Ng'ombe wa mnada ule walitoka kila upande. Wengine walitoka Kharumwa.

Hakungoja sinema yenyewe. Alirudi kambini peke yake, akitembea nje ya barabara, ndani ya mashamba ya pamba.

Kesho yake, baada ya kuuza uji, alikwenda ofisi ya ulinzi. Alikuwa hajawahi kuingia humo. Bwana Pantaleo alikuwa anapiga viatu rangi.

"Shikamoo, baba," alisema, ingawa alimzidi umri. Woga ulimfanya aamkie kila aliyevaa sare.

"Aa, mama, usiniamkie wewe. Karibu. Uji umekwisha?"

"Umekwisha. Nimekuja kuhusu ile sinema. Mnaionyesha tena?"

"Jumamosi tunaionyesha Mhunze. Halafu minada yote, mpaka upande wa Kharumwa. Almasi hazina mipaka."

Aliposikia jina hilo, alisogea hadi kwenye meza.

"Naomba kile kipande changu mkitoe."

Bwana Pantaleo aliacha kupiga viatu rangi. "Kwa nini?"

"Sipendi kuonekana."

"Hakuna anayekutuhumu, mama. Walinzi wangu wote wanakujua. Kama hujaiba, unaogopa nini?"

Mektilda alitaka kusema. Maneno yalifika mpaka mdomoni. Lakini kuyasema ni kutaja jina lake, kutaja kijiji, na kutaja lile neno lenyewe, uchawi. Ukishalitaja juu yako mwenyewe, nani anajua kama yule anayekusikiliza naye haamini? Alimtazama mtu huyu aliyekuwa akimtazama machoni, akajiuliza anaona nini huko.

"Naona haya tu," akasema.

"Haya haikati filamu. Nikikukata wewe, kesho kila mtu atataka akatwe. Nenda mama, usijali."

Alipotoka, Bwana Pantaleo alibaki anafikiri, na alifikiri kama askari. Mwanamke ametoka na ndoo siku ya wizi. Sasa anaomba picha yake ifichwe. Mchana walinzi wawili wakaja kwenye kibanda cha Mektilda. Walimwaga mtama chini, wakachimba chini ya mafiga, wakapasua mto aliokuwa akilalia. Majirani walisimama na kutazama. Hawakupata kitu, wakaondoka bila kusema kuwa hawakupata kitu.

Asubuhi iliyofuata uji ulibaki nusu ndoo. Watu wale wale waliozoea kumtania walipita wakitazama pembeni. Euphrasia alikuja jioni kuchukua sufuria lake.

"Mimi siamini kuwa umeiba," alisema mlangoni. Hakuingia.

Jumamosi gari la sinema likaenda Mhunze. Mektilda alilisikia kutoka ndani, injini yake na kile kipaza sauti kikijaribiwa. Alijiona yuko kule, anainua uso mbele ya watu asiowaona, tena na tena, na hawezi kujizuia.

Siku chache baadaye alikuwa anachambua ukwaju nje ya kibanda chake, alasiri, kivuli cha mtu kikasimama juu ya ungo.

"Mwadila, mayu," sauti ya kiume ikamwamkia kwa Kisukuma.

Alikamata kisu cha jikoni kabla hajainua macho. Mbele yake alisimama mwanamume mrefu mwenye koti la mvua na fimbo ya ng'ombe, anatabasamu. Alimjua. Alikuwa Telesphori, mfanyabiashara wa ng'ombe wa kijiji cha jirani na kwao, mtu mpole, aliyewahi kunywa togwa nyumbani kwa Masele.

"Ni wewe kweli!" Telesphori alisema. "Nilikuona mnadani Kishapu, kwenye lile shuka. Nikawaambia wenzangu, huyu ni mke wa marehemu Masele, tulidhani amekufa. Wakanibishia. Nikasema nikipita tena nitamtafuta."

"Umemwambia nani?"

"Nani?"

"Kule nyumbani, Telesphori. Umemwambia nani?"

Lile tabasamu likaanza kupotea. "Nilimwambia shemeji yako. Bujiku. Nilikutana naye kwenye josho la ng'ombe, nikampa habari njema. Nilidhani atafurahi." Alitazama kisu, akatazama mkono uliopinda. "Mama... ilikuwa siyo habari njema?"

"Alisema nini?"

"Hakusema kitu. Aliniuliza njia tu."

Telesphori alikaa chini kwenye mavumbi. Alikuwa mtu wa safari, habari za nyumba za watu hazikumfikia zote. Alipouelewa ule mkono alishika kichwa, akasema atampeleka popote anapotaka, leo hii. Lakini Mektilda hakumwamini tena mtu yeyote aliyewahi kufika kwao. Alimshukuru, akamwambia aende. Halafu akaingia ndani na kufunga nguo zake kwenye kanga.

Alichelewa. Kabla hajafunga fundo, mlinzi aliita nje. Anahitajika ofisini. Kuna watu wamekuja kumtambua.

Njiani alifikiria kukimbia. Uzio wa mgodi ulikuwa kushoto, upande wa kulia uwanda mtupu usio na hata kichaka, na jua bado liko juu. Miguu ilimpeleka yenyewe.

Bujiku alikuwa amekaa kwenye benchi, amevaa shati safi la mikono mirefu, kofia yake magotini. Pembeni yake walikaa vijana wawili asiowajua. Alipoingia, Bujiku alisimama kwa heshima.

"Shemeji," alisema taratibu. "Tumekutafuta sana."

Mektilda aliegemea ukuta. Aliona kuwa Bujiku amekonda, na nywele zimeanza kuwa nyeupe.

"Hawa ndugu wameitikia tangazo letu," Bwana Pantaleo alisema. "Wamenitajia jina lako, Mektilda. Wamenitajia kwenu. Wanasema uliondoka nyumbani baada ya kufanya ubaya, na ukoo umewatuma wakurudishe. Kama una ugomvi na watu wako, hilo si la mgodi. Ila mimi nataka kujua kwanza habari za almasi."

"Almasi hatuzijui," Bujiku alisema. "Sisi tunamchukua mtu wetu tu. Tumekuja na baiskeli, tutampakia mpaka kituo cha basi."

"Mtampeleka wapi? Polisi wa Kharumwa?"

"Nyumbani."

"Na shauri lake?"

"Ni shauri la nyumbani, mzee. Litaishia nyumbani." Hapo sauti ya Bujiku ikavunjika. "Mwanangu alikuwa na miaka minne. Alikuwa anamwita huyu mama mkubwa. Alikuwa anakula mikononi mwake."

Alikuwa analia kweli. Machozi yalimdondoka kwenye kofia, na hakuyafuta. Hicho ndicho kilichomtisha Mektilda kuliko panga. Mwongo angeweza kubadili nia. Huyu alikuwa ametoka mbali kote huko akiwa na uchungu wa mzazi, na hakuna neno ambalo lingemrudisha nyuma.

Basi alifanya kitu kimoja tu. Akapandisha mkono wa blauzi mpaka begani, akaunyoosha ule mkono mbele ya mkuu wa ulinzi kadiri ulivyoweza kunyooka.

"Baba, wewe ulikuwa polisi," alisema. Sauti ilikuwa ndogo mno hata mlinzi wa mlangoni akasogea kusikia. "Hii ni kazi ya mashine ya kusaga?"

Bwana Pantaleo aliutazama. Miaka yake ya polisi aliifanya katika nchi hiyo hiyo. Alikuwa ameitwa mara nyingi asubuhi kwenye nyumba ambazo hakuna jirani aliyesikia kitu, akawakuta vikongwe wamelala karibu na mafiga, na karibu wote walikuwa na alama mahali hapo, kwenye mkono waliojikinga nao. Tofauti yao na huyu ni kwamba huyu alikuwa hai, na Bwana Pantaleo mwenyewe ndiye aliyewaonyesha wauaji mahali alipo.

Alimsogezea Mektilda kiti chake. Kisha akamwambia mlinzi afunge mlango.

"Nyinyi mtarudi kwenu," alimwambia Bujiku. "Majina yenu ninayo. Huyu mama akipatwa na jambo lolote, hata akijikwaa, nitakuja mwenyewe na polisi."

Bujiku alivaa kofia yake. "Wewe unamlinda kwa sababu hujazika mtoto," alisema, akatoka na vijana wake.

Lakini hakuondoka. Alisimama langoni, zamu zikiwa zinabadilishana, akawaambia watu kwa sauti ya utulivu nani hasa aliyekuwa akiwapikia uji. Kutoka dirishani Mektilda aliona watu wanasimama, wanaongezeka. Aliona mtu mmoja anatema mate chini, kama aliyekumbuka alichokunywa. Mwingine akasema mtoto wake alikuwa anaharisha tangu juzi. Jiwe la kwanza likapiga bati la ofisi.

"Tazama macho yake!" mtu akapiga kelele. "Tuliyaona wote kwenye sinema!"

Bwana Pantaleo alimtoa kwa mlango wa nyuma, akamlaza kwenye lile gari la sinema, kati ya mashine na mabomba ya kutundikia shuka, akamfunika turubai. Kamili aliwasha injini. Kabla hawajaondoka, turubai likafunuliwa kidogo na Mektilda akafumba macho, akijua kuwa sasa ndiyo mwisho. Ulikuwa mkono wa Euphrasia. Ulisukuma ndani kanga ya Mektilda yenye nguo, na sufuria lile lile alilokuwa amelichukua, likiwa na ugali ndani. Euphrasia hakumtazama usoni. Alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu anayekwepa moshi.

Gari lilipita katikati ya watu polepole. Mikono ilipiga ubavuni. Mektilda aliuma turubai asipige kelele. Hata walipofika kwenye barabara kuu, na Kamili akamwambia atoke apate hewa, hakutoka. Alitoka Shinyanga mjini tu, kwenye uwanja wa polisi.

Polisi hawakuwa na mahali pa kumweka. Padri mmoja alikubali kumpeleka Ushirombo, kwa masista, wakampa kazi jikoni, na jina lake halisi akawatajia wao tu.

Miezi mingi ilipita kabla Bwana Pantaleo hajafika huko. Alikuja bila sare, kwa basi, akakaribishwa kwenye chumba cha wageni pamoja na Sista Scolastika aliyekataa kuwaacha peke yao. Alieleza kuwa almasi zilipatikana. Mchambuaji mmoja alikuwa amezificha humo humo ndani, siku ile hakutoka langoni kabisa, kwa hiyo hakuwa hata kwenye filamu.

"Kipande chako nimekichoma kwa mkono wangu," alisema. "Na sasa tuna sheria. Picha ya langoni tunaitazama mimi na polisi, basi. Haitundikwi, haipelekwi mnadani. Tukimtafuta mtu, tunamtafuta huyo mmoja, wengine waliopita hawaonyeshwi kwa mtu yeyote. Kuna bango langoni, kila anayeingia anajua kuwa kuna kamera. Wenye mgodi walibisha. Niliwaambia nitaacha kazi."

Mektilda alisikiliza, mikono yake mapajani.

"Na wale walioiona?" akauliza.

"Wapi?"

"Kishapu. Mhunze. Wale watu wote."

Nje wanafunzi wa misheni walikuwa wanaimba wakipalilia. Bwana Pantaleo alisema tu kuwa anaomba msamaha, na Mektilda akasema amesikia.

Kisha akamwuliza kama kwenye basi alikaa na mtu wa Kharumwa. Bwana Pantaleo alisema hajui, hakuwauliza watu. Akauliza kama aliwaambia watu anakwenda kumwona nani. Hapana. Kama alimwuliza mtu njia, pale kituoni. Alifikiri, akakiri kuwa ndiyo, alimwuliza mama mmoja anayeuza machungwa masista wanakaa wapi.

Mektilda aliinuka.

"Usirudi kwa njia hiyo," alisema. "Pita nyuma, kwenye migomba, utokee barabarani mbali. Na usije tena, baba. Nakuomba. Najua umekuja kwa wema."

Alimsindikiza mpaka mwisho wa ukuta wa jikoni, si zaidi. Alisimama pale akimtazama mpaka alipomezwa na migomba, halafu akamwuliza Sista Scolastika ni nani anayekwenda kununua machungwa, na kama angeweza kwenda kumwuliza yule mama kwa taratibu, bila kuonyesha haraka, kwao ni wapi.